Maswali ya Wasomaji: Piano ya 1964 Ndani ya Wimbo wa Us3

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa sentensi moja tu, albamu ya Hand on the Torch ya Us3, kundi la London lililochanganya jazi na hip hop, na sikudhani kwamba sentensi hiyo ingeniletea barua nne kutoka Moshi na Arusha. Nimeahirisha maswali mengine yote ili nizijibu kwa pamoja, kwa kuwa zinahusu jambo moja.

*Shikamoo Mzee wa Santuri. Mimi ni kijana wa Pasua, Moshi. Marehemu baba yangu mdogo aliacha sanduku la kanda, na mojawapo imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Jazi – Us3". Wimbo wa kwanza unaanza na mtu anayetangaza kama aliye ukumbini mbele ya watu, halafu piano inaingia na mtu anaanza kuchana. Rafiki yangu anadai kwamba jamaa hao walimwibia Herbie Hancock. Je, ni kweli? Na huyo mtangazaji ni nani?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba mdogo. Rafiki yako amekosea kuhusu wimbo, ingawa kuhusu kundi hakukosea sana, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Us3 lilianzishwa London na Geoff Wilkinson na Mel Simpson. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla jina hilo halijajulikana, Wilkinson alikuwa ametoa kupitia lebo ndogo singo iliyokuwa na kipande cha rekodi ya mpiga gitaa Grant Green, na kipande hicho hakikuwa kimeombewa kibali. Rekodi ya Green ilikuwa mali ya Blue Note, lebo ya jazi iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya kampuni ya EMI. Wenye mali wakasikia, na Wilkinson akaitwa katika ofisi za EMI jijini London. Mtu aliyeitwa hivyo hujiandaa kukutana na mwanasheria na hati ya madai, lakini mazungumzo yaligeuka, na Wilkinson akatoka akiwa na ruhusa ya kuingia katika ghala la Blue Note na kuchagua vipande kwa idhini ya wenyewe. Albamu ya 1993 ilizaliwa katika ruhusa hiyo. Kwa hiyo wimbo ulio kwenye kanda yako, Cantaloop, haukuibwa: umesajiliwa kwa majina manne ya watunzi, yaani Wilkinson, Simpson, mchanaji Rahsaan Kelly, na mpiga piano Herbie Hancock mwenyewe, ambaye kwa sababu hiyo ana fungu lake katika mirabaha.

Piano unayoisikia ilirekodiwa mwezi Juni 1964 katika studio ya Rudy Van Gelder, jimbo la New Jersey, Hancock akiwa na umri wa miaka 24. Besi ilipigwa na Ron Carter, ngoma na Tony Williams, na koneti, ndugu mdogo wa tarumbeta, na Freddie Hubbard. Wimbo uliitwa Cantaloupe Island, na ukiusikiliza kwa makini utaona kwa nini mtu wa hip hop aliusogelea. Piano inashika kodi moja (sisemi ile ya serikali, bali noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa baa nne, yaani vipimo vinne vya mapigo, inahamia ya pili kwa baa nne, ya tatu kwa nne nyingine, kisha inarudi ya kwanza kwa nne za mwisho, zikatimia 16, na duara likaanza upya. Mkono wa Hancock unarudia pigo lilelile karibu wimbo mzima, kama mtu anayetwanga kinuni asiyetaka kupoteza mwendo. Prodyuza wa siku hizi hukata kipande kifupi na kukizungusha kwa mashine, lakini Hancock alikuwa amekwisha kukizungusha kwa vidole karibu miaka 30 kabla.

Mtangazaji uliyemuuliza anaitwa Pee Wee Marquette, mtu mfupi sana wa kimo aliyekuwa mshereheshaji wa klabu ya Birdland jijini New York. Sauti yake imekatwa kutoka rekodi nyingine kabisa, ambayo mpiga ngoma Art Blakey na wenzake waliifanya mbele ya hadhira klabuni hapo tarehe 21 Februari 1954. Kwa hiyo sekunde za mwanzo za kanda yako ni za 1954, piano ni ya 1964, na mashairi ni ya miaka ya 1990.

Nami nikiri kosa langu. Nakala yangu ya kwanza niliichukua katika kibanda cha kurekodia kanda karibu na stendi ya Moshi, enzi hizo ambapo ulipeleka kanda tupu, ukalipia, na kuifuata jioni. Mwenye kibanda hakuandika jina la wimbo hata mmoja, na upande wa kwanza uliishia katikati ya mstari, mchanaji akiwa bado na pumzi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtangazaji na mchanaji ni mtu mmoja anayebadilisha sauti, na niliwahi kubishana na watu wazima juu ya jambo hilo hadi chai ikapoa.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu, naishi Sakina, Arusha. Uliiita albamu hiyo kazi ya hip hop ya Uingereza. Ikiwa piano ni ya Mmarekani na lebo ni ya New York, Uingereza imechangia nini? Naomba pia utueleze singo zake zilifika wapi.*

Mwalimu, swali lako ni la haki, na jibu lake liko zaidi katika kumbi za dansi za London kuliko katika studio. Katika miaka ya 1980 wapo madijei wa jiji hilo waliokuwa wakipiga santuri za jazi za zamani kwa ajili ya watu kucheza. Santuri ambazo kwao Marekani zilikuwa zimewekwa kando kama muziki wa kukaa na kusikiliza, vijana wa London walizitolea jasho ukumbini. Dijei Gilles Peterson ndiye anayetajwa zaidi, na mwaka 1987 yeye na Eddie Piller walianzisha lebo ya Acid Jazz, ambayo jina lake lilikuja kuwa jina la mtindo mzima. Wilkinson na Simpson walifanya kazi yao katika mazingira hayo. Walimsikia Grant Green na Hancock kama muziki wa miguu, na albamu yote imejengwa juu ya usikivu huo.

Sisemi kwamba Waingereza ndio waliotangulia kuunganisha jazi na hip hop. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuianza kazi hiyo: mwaka 1991 kundi la A Tribe Called Quest lilimwalika Ron Carter, huyohuyo wa besi ya 1964, apige katika albamu yao ya The Low End Theory, na Hancock mwenyewe mwaka 1983 alitoa Rockit, ambamo dijei anakwaruza santuri katikati ya muziki wake. Jambo lililokuwa jipya kwa Us3 ni ghala. Wengine waliokota vipande huku na kule, kila kimoja na mwenye mali wake. Hawa walifunguliwa nyumba moja yenye vyumba vingi, wakachota humo kwa albamu nzima. Ukikutana na Eleven Long Years utaitambua Song for My Father ya mpiga piano Horace Silver, na katika I Go to Work utamkuta mpiga piano mwenzake, Thelonious Monk.

Juu ya vipande hivyo waliweka watu hai. Gerard Presencer alipiga tarumbeta, Dennis Rollins tromboni, na Tony Remy gitaa, na wote hao ni wanamuziki wa jazi wa Uingereza. Wachanaji walikuwa Rahsaan Kelly, Kobie Powell na Tukka Yoot, ambaye huchana kwa ragga ya Kijamaika, mtindo ambao London iliujua vizuri kwa sababu ya familia nyingi zilizohamia huko kutoka visiwani. Ukitaka kusikia Uingereza ndani ya albamu hiyo, anza na wimbo wa Tukka Yoot.

Kuhusu singo sitakuchosha. Cantaloop ilifika nafasi ya 9 nchini Marekani na ya 23 nyumbani Uingereza, Riddim ya Tukka Yoot iliingia katika 40 za juu za Uingereza, na I Got It Goin' On haikufika huko. Yaani kazi ya London ilipendwa zaidi ng'ambo kuliko kwao. Albamu yenyewe ilikuwa ya kwanza katika historia ya Blue Note kupewa platinamu Marekani, daraja la nakala 1,000,000. Lebo iliyokuwa na Monk, Blakey na Hancock ilifikishwa hapo na vijana wa London ambao mmoja wao aliwahi kuitwa ofisini kwa kukata bila kuuliza, na nadhani hakuna aliyelipanga hilo.

*Habari za kazi, kaka. Mimi natengeneza biti hapa Ngarenaro. Nina rekodi ya zamani ya bendi moja ya dansi, gitaa lake ni tamu mno, na nataka kulizungusha chini ya mistari ya mshikaji wangu. Prodyuza mmoja ameniambia kwamba kipande kisichozidi sekunde chache hakina kesi. Us3 walifanyaje?*

Ndugu yangu, hayo ya sekunde chache ni maneno ya studioni, usiyajengee nyumba. Hakuna idadi ya sekunde inayokupa uhuru wa kuchukua.

Us3 walihitaji vitu viwili, nawe utahitaji hivyohivyo. Cha kwanza ni haki ya utunzi, yaani wimbo wenyewe kama ulivyotungwa, ambao kwa Cantaloupe Island ni wa Hancock. Cha pili ni haki ya rekodi, yaani sauti ile mahususi iliyonaswa siku ile, ambayo ilikuwa ya Blue Note. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa cha pili. Hapa kwetu mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuanzia. Kwa bendi zetu za dansi ugumu huwa upande wa rekodi, kwa kuwa nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hazina yake sasa iko TBC, wakati watunzi wenyewe au warithi wao wako mitaani. Kwa hiyo utabisha hodi milango miwili. Omba kwa maandishi na utunze majibu, hata kama mzee wa bendi ni jirani yako na amekwisha kukuambia "chukua tu, mwanangu". Mzee akifariki, "chukua tu" yake huzikwa naye, nawe utabaki na watoto wake.

Iko njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi, nayo ni kumwalika mpigaji. Ukimleta mzee wa gitaa studioni apige upya, utahitaji ridhaa ya mtunzi, lakini rekodi itakuwa yako. Arusha hii haihitaji kufundishwa jambo hilo na London. X Plastaz, kundi la hip hop la hapahapa lililotoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, hawakukata uimbaji wa Kimaasai kutoka kanda ya mtu. Walikuwa na Merege, mwimbaji wa Kimaasai, akaimba mwenyewe, na ndiyo maana sauti yake inapumua pamoja na mistari badala ya kujirudia ileile. Us3 nao walifanya yote mawili katika wimbo mmoja: mkono wa Hancock ulikatwa, pumzi za Presencer zikaalikwa.

*Mzee wa Santuri, shikamoo. Naandika kutoka Usa River. Ninazo rekodi zote mbili kwenye simu, Cantaloupe Island na Cantaloop. Tarumbeta ya Us3 ni ya Freddie Hubbard? Na walitoa albamu nyingine?*

Marahaba. Walitoa nyingine; iliyofuata ilikuwa Broadway & 52nd mwaka 1997, na jina hilo ni la njia panda ya New York ambayo klabu ya Birdland, ile ya Pee Wee Marquette, ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Wachanaji walikuwa wamebadilika.

Tarumbeta si ya Hubbard. Inayojibizana na Rahsaan Kelly na kisha kupiga peke yake kwa muda mrefu ni ya Presencer, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, akiwa London. Vaa visikilizio vya masikioni, maana spika ya simu humeza besi, na kifodi cha kwenda mjini si mahali pa kufanyia kazi hii. Anza na ile ya 1964. Mfuate Tony Williams, usimfuate Hubbard: sikiliza namna matoazi yake yanavyobadilika kidogo kila duara, kwa kuwa anamsikia koneti na kumjibu. Halafu weka Us3, umfuate mpiga ngoma hadi mwisho. Huyu habadiliki, kwa kuwa ni mashine, na Presencer amejifungia peke yake na vipande vya watu ambao hawawezi kumsikia. Sikiliza anavyoacha nafasi mwishoni mwa kila sentensi yake, kana kwamba piano ya Hancock itamjibu.