Re: Boga la nazi la mama limetoka majimaji

Salaam ndugu, pole. Umesema umenunua boga kubwa la rangi ya chungwa hapo Columbus, Marekani, mwezi huu wa 10, ukapika la nazi kama alivyokuwa akipika mama enzi za vuli, likatoka uji hata ladha halina. Kwanza angalia aina ya boga, maana yale makubwa ya Halloween, sikukuu yao ya mwezi wa 10, ni ya kuchonga mapambo tu, maji mengi na nyuzinyuzi, hata mi yalinitia aibu mbele ya wageni mwaka wangu wa kwanza huku. Tafuta kabocha, lile la kijani la duara, ama butternut, lile refu la maganda ya rangi ya maziwa. Kata vipande, weka maji kidogo tu chini ya sufuria, funika liive kwa mvuke, likiiva mwaga maji yaliyobaki ndo umimine tui zito, iliki, sukari na chumvi chembe, moto mdogo na usifunike tena. Tui la kopo linafaa, litikise kwanza.

Mama yangu kule Tanga alikuwa anapakua mvua ikipiga bati, sisi tunagombania kukomba sufuria. Huku bati hamna, wanangu nawapa wakimaliza kufagia majani uani. Ila ule moshi wa kuni kwenye tui, hapo bado sijapata dawa.