Maswali ya Wenye Magari: Skrini Isiyoijua Kampala

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu skrini ya ramani iliyokuja na gari: haionyeshi Uganda, imejifunga, au mtu anadai pesa nyingi kuisasisha. Tumechagua sita.

Nimechukua Toyota Wish kutoka bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) moja ya Nakawa. Skrini ni nzuri lakini ramani yake ni ya Japani. Kuna fundi anataka shilingi laki sita anipakie ramani ya Uganda. Nimpe?
*Dereva, Mukono*

Usimpe, ndugu yetu. Redio za kiwandani za magari yaliyouzwa ndani ya Japani hubeba ramani ya Japani peke yake, iwe kwenye DVD, diski kuu au kadi ya SD. Data yake imefungwa kwa muundo ambao programu ya redio hiyo tu ndiyo huusoma, na humo mna anwani za Kijapani, sauti ya Kijapani, hata namba za simu za maduka ya huko, kwa sababu Wajapani wengi hutafuta mahali kwa kuandika namba ya simu. Kisasisho halali kipo, lakini kitakuletea barabara mpya za Osaka. Ya Mukono haijawahi kutengenezwa kwa redio hiyo.

Kwa laki sita hizo huenda ukapewa kimoja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni kubadilishiwa lugha ya menyu kuwa Kiingereza, jambo linalowezekana kwenye baadhi ya redio, ila ramani inabaki ileile. Cha pili ni kisanduku kidogo cha Android kinachofichwa nyuma ya dashibodi na kupitisha picha yake kwenye skrini ya zamani kupitia waya wa video. Hicho kinafanya kazi, lakini ramani inatoka kwenye kisanduku, na ni haki yako kuelezwa hivyo kabla ya kulipa. Mwambie fundi akuonyeshe gari la aina kama lako alilokwisha kulifanyia, likitembea barabarani. Picha ya kwenye simu yake haitoshi.

Makanika alibadilisha betri ya Toyota Harrier yangu. Tangu hapo redio haitoi hata sauti. Inaandika Kijapani tu, na nimeambiwa inadai kadi. Kuna tiba?
*Mama mwenye duka, Jinja*

Pole sana, mama. Barua kama yako ndizo nyingi kuliko zote, na hasara hii ingeweza kuzuilika.

Redio nyingi za Toyota za miaka ya karibuni, kama zile zenye namba zinazoanza na NSZT au NSCP, huweka ramani na programu yenyewe kwenye kadi ya SD. Umeme ukikatika, redio huanza upya na kuitafuta kadi. Isipoiona, haifanyi lolote: hakuna FM, hakuna Bluetooth, mara nyingine hata kamera ya nyuma haiwaki. Kadi hizi hupotea njiani kati ya mnada wa Japani na bondi, au huchomolewa na mtu aliyedhani ni ya nyimbo. Gari linaendelea kuimba vizuri kwa sababu betri haijawahi kuguswa, na siku ya kubadilisha betri ndipo pengo linajulikana.

Kwanza hakikisha kadi haipo kweli. Kwenye redio nyingi kuna kitufe cha kufungua skrini. Ukikibonyeza skrini inainama na tundu la kadi linaonekana nyuma yake. Kama kadi imo, itoe, futa sehemu za shaba kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike ikibana. Kama haimo, kuna njia mbili. Unaweza kutafuta kadi ya namba ileile ya redio, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha bati la redio. Kadi ya gari linalofanana tu haitoshi, kwa sababu Harrier mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na redio tofauti. Au uachane na redio hiyo, jambo tunalolieleza hapo chini. Mwenye kuuza nakala ya kadi asikuharakishe. Kuna redio zinazokubali nakala, na kuna zinazokagua namba iliyochomwa kiwandani ndani ya kadi, iitwayo CID, ambayo hainakiliwi pamoja na mafaili. Mlipe baada ya redio kuwaka ndani ya gari lako.

Kama kadi imo na skrini inadai namba ya siri, hilo ni tatizo jingine: ulinzi dhidi ya wizi. Mafundi wanaiita namba hiyo ERC, na hupatikana kwa kutumia namba ya utambulisho ya redio yako mwenyewe. Namba iliyofungua gari la jirani haitafungua lako. Usikubali mtu abahatishe namba moja baada ya nyingine.

Kwa wale ambao redio zao bado nzima, betri ibadilishwe bila kukata umeme. Zima gari, toa ufunguo, funga milango ili taa za ndani zisiwake. Chukua betri nyingine ya volti 12 (umeme wa volti 24 wa lori utachoma vifaa) na nyaya za kuamshia gari. Unganisha chanya ya betri hiyo kwenye kibano cha chanya cha gari, na hasi kwenye bolti safi ya injini au bodi. Sasa legeza vibano, toa betri kuukuu, weka mpya, kaza, kisha ondoa nyaya ukianza na hasi. Hatari iko kwenye kile kibano cha chanya kinachoning'inia: bado kina umeme, na kikigusa chuma cha bodi, fyuzi kuu inaungua au mtu anaungua. Kivishe mpira au kitambaa kinene kikavu mara kinapotoka kwenye betri.

Na anayenunua gari bondi, kabla ya kulipa aombe betri ichomolewe dakika tano kisha irudishwe. Redio ikijifunga, ni shida ya muuzaji.

Nina BMW iliyotoka Uingereza. Inaonyesha ramani ya Ulaya. Nje ya nchi wananiambia kisasisho ni zaidi ya dola 150. Je, nikinunua, Uganda itakuwemo?
*Msomaji, Entebbe*

Ukinunua kisasisho cha Ulaya, utapata Ulaya mpya. Kisasisho hufuata eneo ambalo gari lilitengenezewa.

Kabla ya dola hata moja kutoka mfukoni, tafuta orodha ya nchi zilizomo kwenye ramani unayouziwa na ulione neno Uganda kwa macho yako. Neno Afrika kwenye jalada halitoshi: ramani nyingi za jina hilo zimetengenezwa kwa ajili ya kusini mwa bara na hazifiki huku. Uganda ikiwemo, uliza swali la pili: je, redio yangu inakubali kubadilishwa eneo? Kwenye BMW kisasisho hufunguliwa kwa namba iitwayo FSC, inayofungwa kwa namba ya chesi na kwa eneo. Kuhama kutoka Ulaya kwenda eneo jingine kunaweza kudai kuandika upya mipangilio ya redio, na gharama hiyo haimo kwenye zile dola 150. Ipate bei yote kwa maandishi.

Bei ni kubwa kwa sababu mtengenezaji wa gari hachori ramani. Huinunua kwa leseni kutoka kampuni kama HERE au TomTom, kisha data hiyo hutafsiriwa kwa muundo wa kila aina ya redio, hujaribiwa na kutiwa sahihi ya kidijitali. Kazi hiyo huchukua miezi, kwa hiyo ramani inayoitwa ya mwaka huu ina barabara za mwaka jana au juzi. Pima umri wake hivi: tafuta barabara ya kulipia ya Kampala kwenda Entebbe, iliyofunguliwa Juni 2018, na daraja jipya la Nile pale Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018. Kama alama ya gari kwenye skrini inaelea ndani ya mto wakati wewe uko juu ya daraja, umeuziwa ramani kuukuu kwa bei ya mpya.

Ukiamua kuendelea, kazi yenyewe huharibika kwa sababu chache zinazojulikana. Fleshi bandia ndiyo ya kwanza: imeandikwa GB 64 kumbe ina 8, mafaili yanaonekana yamo lakini yameoza. Ipime kwa programu ya kompyuta ya H2testw au F3 kabla ya kunakili. Ya pili ni kufungua faili lililobanwa likajitengenezea folda ndani ya folda, redio ikasema haioni kisasisho. Mafaili yanapaswa kukaa pale maelekezo yanaposema, mara nyingi nje kabisa bila folda ya ziada. Ya tatu ni mfumo wa mafaili wa fleshi (format), kama FAT32 au exFAT. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, wakati redio nyingine hazisomi exFAT. Fuata maelekezo ya redio yako.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: umeme kuyumba katikati ya kazi. Kisasisho kinaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na betri iliyochoka haivumilii. Tumia chaja ya betri, au liwashe gari likiwa nje penye hewa. Usiliwashe ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Redio iliyokatikiwa umeme nusu ya njia mara nyingi haiwaki tena bila kifaa cha fundi.

Hata kila kitu kikienda sawa, kwa maoni yetu pesa hiyo haistahili kutumika hapa kwetu. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwishoni mwa 2024, hakuna ramani ya dashibodi iliyojua.

Nataka kutoa redio ya Kijapani niweke ya Android. Niangalie nini?
*Dereva wa teksi, Tororo*

Anza na rula. Magari mengi ya Toyota yana tundu la milimita 200 kwa 100, wakati ukubwa wa kawaida ni 178 kwa 100. Ukinunua ndogo utahitaji vipande vya kuziba pembeni. Ukinunua ya inchi 9 au 10, lazima ije na fremu ya gari lako hasa.

Omba plagi za Toyota, ile ya pini 10 na ya pini 6, ili fundi asikate nyaya za gari. Waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni hasi. Njano na nyekundu zikibadilishwa, redio inasahau kila kitu ukizima gari. Zote mbili zikiunganishwa kwenye umeme wa kudumu, betri inakauka usiku. Kamera ya nyuma ya kiwandani isiunganishwe kwenye volti 12 kabla ya kupimwa, kwani baadhi ya kamera za Toyota ni za volti 6 na huungua papo hapo.

Antena ya GPS ndiyo inayofanya ramani iwe sahihi, na mafundi wengi huitupa nyuma ya redio chini ya bati. Ibandikwe juu ya dashibodi karibu na kioo, upande wenye sumaku ukitazama chini. Mara ya kwanza liache gari limesimama mahali wazi. Kupata data yote ya setilaiti kunaweza kufika dakika 12 na nusu.

Faida nyingine ni FM. Redio za Japani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, mpya zaidi 95, ndiyo maana vituo vyetu vingi havisikiki bila kibadilishi cha masafa.

Saa ya gari langu la Japani iko mbele kwa saa sita na haikubali kurekebishwa. Kwa nini?
*Msomaji, Arua*

Inachukua muda kutoka kwenye setilaiti kisha inajipangia majira ya Japani, yaliyo mbele yetu kwa saa sita. Tafuta kwenye mipangilio ya saa sehemu ya kuzima marekebisho ya GPS, nyingine hazina. Kama yako ni ya mzunguko wa saa 12, isome kwa Kiswahili moja kwa moja: ikiandika 3:00 asubuhi ya kwetu, ni saa tatu kamili. Tarehe ikirudi nyuma kwa karibu miaka 20, sababu ni nyingine. Hesabu ya wiki za GPS hufika 1,024 na kuanza sifuri, kama ilivyotokea Aprili 2019, na redio za zamani hazikuandaliwa.

Basi nitumie simu. Lakini njia ya kwenda Nebbi mtandao hukatika, na data ni ghali.
*Mfanyabiashara, Kampala*

Pakua ramani ukiwa kwenye Wi-Fi kabla ya safari. Organic Maps ni bure, inapakua Uganda nzima na kuelekeza bila mtandao hata kidogo. Google Maps pia inakubali kupakua eneo, lakini eneo hilo lina muda wa kuisha, na bila mtandao hutapata habari za foleni. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kupakua nyumbani au ofisini ni akiba ya kweli.

Kwenye Organic Maps washa chaguo la kukwepa barabara zisizo na lami msimu wa mvua, la sivyo itakupitisha kwenye murramu kwa sababu ni fupi. Lipo pia chaguo la kukwepa barabara za kulipia.

Simu ifungwe kwenye tundu la hewa ya AC, kwani ikikaa juu ya dashibodi jua huichemsha na kuizima. Chaja iwe ya ampea 2 au zaidi. Ndogo haiwezi kutosheleza umeme wa skrini iliyowaka pamoja na GPS.

Na njia ya kwenu ikikosekana, iongeze mwenyewe. Organic Maps hutumia OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuihariri bure. Jiandikishe kwenye tovuti yake, chora barabara juu ya picha ya setilaiti, andika kama ni lami au murramu, hifadhi. Itaingia kwenye simu yako ramani ya Uganda ikitolewa upya na wewe ukaipakua.