Pataneni kabla mlima haujaamka

Hapa Goma tunalala chini ya Nyiragongo, mlima wa moto, na kila nyumba inajua kwamba siku moja huenda ikabidi kutoka. Siku hiyo linaloumiza kuliko godoro lililoachwa ni watu kutafutana. Baba yuko Birere kazini, mama yuko soko la Virunga, watoto wako shuleni Ndosho. Nani anamfuata nani?

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulilipuka na lava, mawe yaliyoyeyuka, ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikaugawa mji vipande viwili. Kwa hiyo mahali pamoja pa kukutania hapatoshi. Chagueni pawili, pa kwanza upande wa Sake na pa pili upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na pawe na jina ambalo mtoto wa miaka saba analitaja bila kukosea: parokia fulani, kwa shangazi fulani. Kisha tafuteni mtu wa mbali, Bukavu au Butembo, ambaye namba yake kila mmoja anaijua kwa kichwa, maana simu huzimika. Mtandao ukilemewa, ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale sauti inaposhindwa. Mwandikieni huyo mambo matatu tu: niko wapi, niko na nani, naelekea wapi.

Mume na mke, semeni kwa majina nani anamchukua mtoto yupi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipolipuka tena, watoto wengi walipotezana na wazazi. Kila mzazi akidhani mwenzake ndiye amembeba, mtoto anabaki. Kwa wadogo, shoneni kitambaa chenye jina na namba ya simu ndani ya nguo. Karatasi ya mfukoni huloa na kupotea.

Na pesa. Kuna waume wanaoficha akiba hata mke asijue, wakiita hiyo busara. Siku ya kukimbia, pesa isiyojulikana ilipo ni sawa na pesa isiyokuwepo. Ukimpenda mtu, mwonyeshe. Gawaneni: nusu kwako, nusu kwake. Dola iliyopasuka hata kidogo itakataliwa, basi wekeni noti safi, pamoja na faranga ndogondogo za motari, dereva wa pikipiki.

Mfuko uwe wa kubeba mgongoni, mikono ibaki huru kwa watoto. Ndani: kadi za mpiga kura, vyeti vya shule, hati ya kiwanja, dawa za wiki mbili, tochi, nguo moja ya baridi kwa kila mtu. Bidoni ya maji ya lita 20 haifiki mbali. Bebeni mbili za lita tano. Fundi cherehani achukue mkasi na futi, mashine aiache. Mwenye duka apige picha daftari la madeni kila Jumapili. Wenye likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, waamue mapema: mji ukihama, zamu inasimama au inaendelea? Swali hilo likiachwa, urafiki wa miaka huvunjika.

Msiharakie kurudi. Lava hukauka juu huku ndani ikiwaka, na mwaka 2021 watu walikufa kwa hewa yake wakipita juu yake. Mazuku, hewa ya sumu itokayo ardhini, nayo hutulia mabondeni, haionekani, basi msilaze watoto kwenye mashimo.

Mwisho, jaribuni Jumamosi moja. Kutoka mjini hadi Sake ni kama kilometa 25. Tembeeni tano za kwanza na mfuko mgongoni, mwendo uwe wa mtoto mdogo kuliko wote, kisha mkirudi nyumbani punguzeni vitu.