Uzushi katika Dini: Maana na Asili Yake

SWALI: Mhariri, katika historia ya Kanisa nakutana na neno "uzushi", ilhali mitaani tukimwambia mtu "acha uzushi" twamaanisha aache kusingizia. Je, mzushi wa dini ni mwongo tu? Na uzushi ndio bidaa?

JIBU: Uzushi ni neno la ukoo mmoja na zua, zuka na zusha, vitenzi vinavyohusu jambo kutokea mahali ambapo halikuwapo, na kwa hiyo linabeba habari ya kutunga na pia fundisho geni kwa mapokeo. Mzushi wa dini si lazima awe mwongo. Arius, kasisi wa Alexandria aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, alitetea fundisho hilo kwa Maandiko yaleyale waliyoyasoma maaskofu waliolikataa kwenye mtaguso wa Nisea mwaka 325.

Neno la Kigiriki lililo nyuma ya uzushi wa Kikristo, hairesis, lilikuwa pole zaidi: lilimaanisha uchaguzi, kisha kundi lenye msimamo wake. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliwaita hivyo Mafarisayo, Masadukayo na Waesene bila kuwalaumu. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inalitafsiri "madhehebu" inapowataja Masadukayo (Matendo 5:17), lakini Paulo anapojitetea mbele ya liwali Feliki (24:14), anasema kuwa anamwabudu Mungu wa baba zake kwa Njia ambayo washitaki wake "waiita uzushi". Mstari huo unastahili kusomwa polepole na kila anayependa kuwaita wenzake wazushi, kwa kuwa mtume mwenyewe aliitwa hivyo.

Bidaa, yaani jambo jipya lililoingizwa katika dini ya Kiislamu, ni neno lililotoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kuanzisha kitu kisicho na mfano uliotangulia, na mabishano yake hapa pwani, kama yale ya maulidi, huhusu zaidi namna ya kuabudu. Khalifa Umar alipowakusanya watu nyuma ya imamu mmoja kwa tarawehe, sala ya usiku wa Ramadhani, aliisifu hatua hiyo kuwa bidaa njema. Baadhi ya wanazuoni wakaitegemea kauli hiyo kugawa bidaa njema na mbaya, na wengine wakashikilia kwamba alilitumia neno kwa maana yake ya kawaida ya lugha tu, si ya kidini. Kwa kawaida anayelaumiwa kwa bidaa huhesabiwa bado kuwa Mwislamu, kwani aliyeuacha Uislamu ana jina lake, murtadi.