Daktari Anajibu: Sikio latoka usaha, ni lazima apasuliwe?

SWALI: Mwanangu ana miaka 11. Sikio la kushoto hutoka usaha, hukauka, kisha akienda kuogelea baharini laanza upya. Matone na vidonge ametumia hadi amechoka. Sasa twaambiwa apasuliwe, na bibi yake ashikilia kuwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu yatosha. – Mama, Kisauni

JIBU: Mama, mafuta yaache leo hii. Bibi ana nia njema, lakini kiwambo, yaani ngozi nyembamba itengayo sikio la nje na la kati, kikiwa na tundu, chochote kitiwacho sikioni huingia hadi sikio la kati pamoja na vijidudu vyake. Ndiyo sababu bahari huamsha usaha: dawa hukausha, tundu likabaki pale pale.

Muulize daktari jambo moja: ni tundu tupu, au kuna kolesteatoma? Hiyo ni ngozi iliyoota mahali si pake, ndani ya sikio la kati, ikajilimbikiza na kula mifupa midogo ya kusikia. Usaha wake mara nyingi ni mchache lakini wanuka vibaya. Hapo dawa haiponyi na kungoja ni hatari, kwani yaweza kufikia neva ya uso, hata ubongo. Mara nyingi hupigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta), kisha mfupa wa nyuma ya sikio hufunguliwa na kusafishwa chini ya darubini. Lengo la kwanza ni sikio liwe salama. Usikivu hufikiriwa baadaye. Na kwa kuwa huweza kuota tena, kliniki ni za miaka.

Kama ni tundu tupu, hakuna pupa. Sikio husafishwa na kutiwa matone ya antibiotiki hadi likauke, kisha tundu huzibwa kwa utando wa mgonjwa mwenyewe, unaotolewa juu ya msuli ulio juu ya sikio. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, kazi ikachukua saa moja hadi mbili. Utando hushikiliwa na sponji inayoyeyuka yenyewe. Mara nyingi hushika. Huharibiwa na maji, usaha kurudi, au kupenga kamasi kwa nguvu. Akipiga chafya, aache mdomo wazi. Akioga, aweke pamba iliyopakwa Vaseline. Ladha ya upande mmoja wa ulimi huweza kubadilika kwa muda. Wiki za mwanzo atasikia kama ameziba, na wazazi wengi hufadhaika bure: usikivu hupimwa baada ya miezi kama 3.

Uso ukienda upande, akipata kizunguzungu kikali, uvimbe nyuma ya sikio, au homa na kichwa kuuma sana, msingoje kukuche. Hospitali usiku huo huo.

SWALI: Nilizibwa tundu mwezi jana. Kazi yangu kuzamia pweza. Nirudi lini? – Mvuvi, Nyali

JIBU: Bado, kaka. Hata mita 2 chini, maji husukuma kiwambo kwa ndani. Daktari athibitishe kwanza kuwa kimefunga, kisha apime kama hewa yapita ukibana pua na kupuliza taratibu. Isipopita, usizamie, hata kiwambo kiwe kizima.