Semina imeisha, alama zimepanda, sasa nitajuaje kama afisa amebadilika?

SWALI: Habari mwalimu. Naratibu semina ya siku 3 hapa Nairobi, ya polisi wa dawati la watoto, maafisa wa probesheni na wafanyakazi wa rimandi ya watoto. Tunawapa mtihani kabla na baada, alama zinapanda, na kwa fomu kila mtu anaandika "imenifaa sana". Sasa mfadhili anauliza kama inafanya kazi kweli. Nimjibu aje?

JIBU: Salama dadangu. Hiyo "imenifaa sana" weka kando kabisa, mtu amekula chakula cha hoteli na nauli amepewa, ulitaka aandike nini? Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeanza kuandika haya mambo 1959, aligawa tathmini ngazi 4: walifurahia, walijifunza, wanafanya kazi tofauti, na mwisho kuna kitu kimebadilika huko nje. Wewe umefika ya pili, tena nusu.

Nusu kwa sababu ukiuliza umri wa kuwajibika kijinai ni miaka mingapi wote watasema 12, si wamesikia asubuhi hiyo hiyo kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 iliupandisha kutoka 8. Wape kisa badala yake: kijana wa miaka 13 ameletwa na wananchi saa tatu usiku, wanasema ameiba simu soko la Gikomba, mamake hashiki simu, seli iko na watu wazima tu. Unaanza na nini? Hapo ndio utajua nani ameelewa, maana chini ya 14 sheria inachukulia hajui jema na baya mpaka korti iridhike vingine, na katiba inataka mtoto atengwe na watu wazima. Halafu wapigie tena baada ya miezi 3 na kisa kingine.

Lakini pesa yote ningeiweka ngazi ya tatu. Omba ruhusa, nenda vituoni, fungua OB (kile kitabu cha matukio cha polisi) na mafaili ya miezi 3 kabla na miezi 3 baada, uangalie: umri umeandikwa ama ni "mtu mzima" tu, mzazi na afisa wa watoto waliitwa saa ngapi, mtoto alilala wapi, alifika kortini ndani ya masaa 24 ama kesi ilimalizwa bila korti. Majina ya watoto usinakili, weka namba. Na usishtuke ukipata watoto wameongezeka kwa OB baada ya semina, mara nyingi ni wale wale waliokuwa wanaandikwa miaka 18 ili kazi iwe rahisi, kwa hivyo hiyo inaweza kuwa habari njema na umweleze mfadhili mapema kabla hajaona grafu akapaniki.

Kundi la kulinganisha ni rahisi. Kama una vituo 10, 5 vifunzwe sasa na 5 baadaye, vitoe kwa kura ya bahati tu, usichague wale marafiki zako. Shida kubwa ni transfa, unamfunza afisa leo kesho ako Garissa, so fuata mtu na pia fuata kituo, ukiona kituo kimerudi pale pale baada ya yeye kuhama basi ulifunza mtu mmoja, OCS wake, yaani mkuu wa kituo, hakujua chochote.

Ngazi ya nne, watoto kurudia makosa, usiahidi kwa ripoti ya mwaka mmoja. Watoto ni wachache, na kuna shule, kuna njaa, kuna mtaa, semina yako ni tone hapo. Andika tu utaifuatilia, na uombe bajeti ya mwaka wa pili sasa hivi.