Upasuaji wa mirija ya figo kwa mtoto: tuliyopitia na binti yangu

Pole sana mama, na asante kwa kueleza kila kitu wazi. Nimekusoma: binti wa miaka minne, homa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haziishi, picha ya kibofu ya kuwekewa mpira kwenye njia ya mkojo imeonyesha mkojo unarudi kwenye figo daraja la nne pande zote mbili, na daktari anataka mfikirie upasuaji. Umeuliza kama ni lazima, mtoto atateseka kiasi gani, na kama UTI zitakoma kabisa. Binti yangu alikuwa na tatizo hilo hilo, daraja la nne kushoto na la tatu kulia. Alifanyiwa upasuaji na leo ni msichana mkubwa. Mimi si daktari; ninayoyaandika ni yale niliyoyaona nikiwa pembeni ya kitanda chake na yale waliyonieleza waliomtibu.

Kwanza ujue upasuaji wenyewe unarekebisha nini, maana majibu yako yote matatu yanatokea hapo. Mkojo ukitoka kwenye figo hushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, mpaka kwenye kibofu. Mrija ukifika kwenye kibofu hauingii wima. Unapita kwa ulalo ndani ya ukuta wa kibofu, ndipo unafungukia ndani. Kipande hicho cha ulalo ndicho mlango: ni kama mrija laini uliopitishwa chini ya godoro, mtu akilala juu yake unabanwa. Kibofu kikijaa, kinaubana mrija na mkojo haupandi. Kwa watoto wetu kipande hicho ni kifupi tangu kuzaliwa. Kibofu kikijikaza ili mtoto akojoe, mkojo mwingine unashuka na mwingine unapanda, na vijidudu vilivyokuwa kwenye kibofu vinapata njia ya kufika kwenye figo. Figo ikishambuliwa inaweza kubaki na kovu, na sehemu yenye kovu haioti upya.

Daktari wetu alinichorea haya kwenye karatasi, akaniambia kuna kipimo kilichoandikwa na Paquin mwaka 1959 ambacho wapasuaji wanakitumia mpaka leo: njia ya ulalo iwe ndefu kama mara tano ya upana wa mrija. Upasuaji ni kutengeneza urefu huo. Mrija unaachanishwa na kibofu, unapitishwa kwenye njia mpya ndefu zaidi chini ya ngozi ya ndani ya kibofu, kisha unashonwa. Wengi hutumia njia ya Cohen, ya mwaka 1975, ambapo mrija unavushwa kuelekea upande wa pili. Ipo na njia ya kufanyia kazi nje ya kibofu bila kukifungua, ile ya Lich na Gregoir. Mtoto huwa na damu kidogo kwenye mkojo na kibofu hakisumbuki sana, lakini ikifanywa pande zote mbili kwa pamoja baadhi ya watoto hushindwa kukojoa kwa muda. Kwa kuwa wako ni pande mbili, muulize daktari atatumia njia ipi na kwa sababu gani.

Je, ni lazima? Si kila mara. Tatizo hili lina madaraja matano. Daraja la kwanza na la pili watoto wengi hupona wenyewe, kwa sababu mtoto akikua, kile kipande cha ulalo nacho hurefuka. Daraja la nne na la tano wanaopona wenyewe ni wachache zaidi, lakini wapo. Ndiyo maana madaktari wengine huanza na dozi ndogo ya antibiotiki kila usiku huku wakisubiri. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao RIVUR, matokeo yake yalitoka 2014, ulifuatilia watoto 607 kwa miaka miwili: waliopewa dawa kila siku walipata UTI za kujirudia pungufu kwa karibu nusu kuliko wasiopewa, ila makovu ya figo hayakutofautiana. Kwa hiyo dawa inasaidia, lakini haikupi haki ya kuacha kumfuatilia mtoto.

Kilichotufanya sisi tukubali kisu ni mambo mawili kwa pamoja: binti alipata homa kali za figo huku anameza dawa vizuri, na picha ya DMSA, ile inayoonyesha makovu ya figo, ikaonyesha kovu jipya upande wa kushoto. Ingekuwa hana homa na figo zinakua sawasawa, naamini tungesubiri. Sijaona mahali ulipotaja DMSA. Kama haijafanyika, iulizie kabla ya kupanga tarehe, maana daraja la nne lenye figo safi na daraja la nne lenye makovu yanayoongezeka ni mazungumzo mawili tofauti kabisa.

Kuna pia sindano. Wanaingiza kamera ndogo kupitia njia ya mkojo na kuchoma jeli pale mrija unapofungukia, ili paminywe. Hakuna mkato, mtoto huwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa madaraja ya chini ni chaguo zuri. Kwa madaraja ya juu hufeli mara nyingi zaidi, na huenda ikarudiwa. Upasuaji wa wazi, yaani ule wa mkato, hufanikiwa kwa zaidi ya watoto 95 katika kila 100. Tulichagua wazi kwa sababu ya lile kovu. Hatukutaka kujaribu mara mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona mtu amekugusia: choo kigumu. Hapa ndipo ningetaka usome mara mbili. Utumbo wa chini ukijaa kinyesi unakiegemea kibofu. Kibofu hakitulii, hakimalizi kutoa mkojo wote, na ule unaobaki ndani unakuwa makazi ya vijidudu. Mtoto mwenye choo kigumu kwa kawaida pia hubana mkojo: utamwona anavusha miguu, anachuchumaa na kukalia kisigino, anacheza huku anahangaika. Akibana hivyo, presha ndani ya kibofu inapanda na mkojo unasukumwa juu. Ukimpasua mtoto wa aina hiyo bila kumtibu choo, umetengeneza mlango mpya na umeuacha mbele ya presha ile ile. Daktari wetu alikataa kutoa tarehe mpaka choo kikae sawa. Nilikasirika wakati huo, kwa sababu nilikuwa nataka yaishe, lakini leo namshukuru.

Tulifanya nini? Dawa ya kulainisha choo kwa kipimo alichoandika yeye, tena kwa miezi, si kwa wiki moja halafu kuacha. Maji mchana kutwa. Chooni kila baada ya saa mbili au tatu, asisubiri kubanwa. Kibao chini ya miguu ili akikaa miguu isining'inie, kwa sababu miguu ikining'inia nyonga hazilegei. Na akimaliza kukojoa, anahesabu mpaka ishirini halafu anajaribu tena; mara nyingi hutoka mkojo mwingine. Homa zilianza kupungua hata kabla ya kisu.

Kuhusu mateso, nitakwambia ukweli wote. Mtoto anapewa nusu kaputi, hasikii chochote. Mkato ni wa mlalo, chini ya tumbo, mahali panapofunikwa na chupi. Wakati mwingine huongezewa ganzi ya mgongoni, na masaa ya mwanzo anakuwa ametulia sana. Anatoka na dripu, mpira wa mkojo na mfuko wenye mkojo mwekundu. Usishtuke na ile rangi. Hata maumivu ya mshono si ndiyo makubwa.

Makubwa ni mikazo ya kibofu. Kibofu kimekatwa na kimeshonwa, na ndani yake kuna mpira, hivyo kinajikaza chenyewe. Binti yangu alikuwa amelala vizuri, ghafla anakunja vidole vya miguu, anabana mapaja, ananishika mkono kwa nguvu: "Mama nataka kukojoa, nataka kukojoa," na mpira uko ndani. Kisha mkojo kidogo unapenya pembeni ya mpira, shuka linalowa, na baada ya dakika moja au mbili anaachia na kusinzia. Inarudi tena. Dawa za kawaida za maumivu hazishiki sana hapo; kinachosaidia ni dawa ya kutuliza kibofu, oksibutinini. Hakikisha imeandikwa kabla mtoto hajatoka chumba cha upasuaji, usije ukaanza kuitafuta usiku wa manane. Inakausha mdomo, inaweza kumfanya awe mwekundu usoni, na inafunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo irudi mara tu daktari akiruhusu ale.

Na jifunze kuuangalia ule mpira. Usiku mmoja nilimwona anahangaika mfululizo, si kwa vipindi, na mfuko haukuongezeka kitu. Nikamwita muuguzi. Akapapasa chini ya tumbo, pamekuwa pagumu. Akasukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano taratibu, akavuta, likatoka bonge jeusi la damu, na mkojo ukaanza kushuka tena. Mtoto alilala papo hapo. Kwa hiyo ukiona mkojo umekoma na mtoto anahangaika, usiambiwe ni mikazo ya kawaida ukakaa. Omba waangalie kama mpira umekunjika au umeziba.

Mpira ukitolewa, kukojoa mara ya kwanza kunaunguza na atagoma. Daktari akiruhusu kidonda kiloe, mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu akojolee humo humo. Mkojo unaweza kuwa na rangi ya damu kwa siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani, hasa akikimbiakimbia. Lakini homa, kutapika, maumivu ya ubavuni au kushindwa kukojoa, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe unaweza kuubana mrija mpya ukazuia mkojo kushuka.

Ultrasaundi ya baadaye nayo isikutie hofu ya bure. Ya kwanza ilionyesha figo ya kushoto imetanuka kidogo kuliko kabla ya upasuaji, na nililia kwenye korido. Daktari alisema mara nyingi ni uvimbe wa mshono, tusubiri. Iliyofuata ilikuwa imerudi sawa.

Je, UTI zitaisha? Hapa watu wengi huvunjika moyo kwa sababu waliahidiwa kisichokuwepo. Upasuaji unazuia mkojo kupanda kwenye figo. Hauzuii vijidudu kuingia kwenye kibofu. Binti yangu bado hupata UTI mara mojamoja: anaungua, anaenda haja ndogo kila saa, anapimwa mkojo, anatibiwa, yanaisha. Zile homa za kutetemeka, za kutapika na kulazwa, hazikurudi. Ukimwona mtoto wako ana UTI ya kibofu bila homa baada ya upasuaji, usihitimishe kwamba kazi imeharibika. Ikija na homa, hapo ndipo daktari atataka kuangalia upya.

Mchangiaji mmoja hapo juu amekutisha kwamba binti hatazaa. Mirija ya figo si mirija ya uzazi, na upasuaji huu hauondoi kiungo chochote cha uzazi. Lililo la kweli ni kwamba figo zenye makovu zinahitaji kuangaliwa maisha yote: presha ipimwe kila mwaka, mkojo upimwe kama una protini, na siku akipata ujauzito awaeleze madaktari mapema historia yake, kwa sababu ujauzito huzielemea figo.

Jambo la mwisho, umetaja ana mdogo wake mchanga. Tatizo hili hutembea kwenye familia. Kati ya ndugu wa tumbo moja, karibu robo au zaidi hukutwa nalo. Mwambie daktari kuhusu huyo mdogo, aone kama anahitaji ultrasaundi, na akipata homa isiyoeleweka apimwe mkojo kwanza kabla ya kupewa antibiotiki yoyote.

Ukipata majibu ya DMSA yaweke hapa, na useme pia choo chake kikoje kwa wiki, mara ngapi na kigumu kiasi gani. Nitakuwa naufuatilia uzi huu.